Maua ya Kahawa na Pua ya Musoki

Pua Musoki anayo, tena nzuri, imekaa katikati ya uso kama za watu wengine. Ila haifanyi kazi. Homa iliyompata miaka minne iliyopita ilipoondoka, iliondoka na harufu zote: mandazi, mvua, hata samaki wa moshi kutoka Tchomia. Na kazi yake, jamani, ni kuchunguza harufu za maua katika maabara moja ya Bunia! Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba Isidore, mkuu wake, akijua, atampa kazi ya kuosha chupa mpaka azeeke.

Lakini kazi yenyewe aliipenda kuliko hapo zamani. Harufu ya ua ni vitu vingi vidogo vinavyoruka hewani, kila kimoja na jina lake, na mashine huvitenganisha na kuvichora kama vilima kwenye karatasi. Aliyekuwa hasikii harufu yoyote alitaka kujua kila kilima. Ua linawaambia nyuki nini, ambacho yeye hakisikii?

Mvua ya kwanza iliponyesha na kahawa ya Mama Elisabeth ikachanua, kando ya barabara nje ya mji, Musoki alimpigia simu jioni, akafika asubuhi. Alitia uso kwenye maua kama anayenusa, kisha akafunika tawi kwa mfuko safi wa plastiki, akawasha pampu ndogo ya kuvuta hewa kupitia kijibomba cha kioo chenye unga unaonasa harufu. Kijibomba kikapelekwa Kampala, ilikokuwa mashine.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kulikuwa na kilima kimoja kikubwa ajabu: limonene, ile iliyomo kwenye ganda la limau. Musoki alifurahi mno. Pengine kahawa ya Ituri ina lake la kusema!

"Uliisikia mwenyewe?" Isidore aliuliza. "Kwa kipimo hiki hata mutoto angesikia."

"Niliisikia," Musoki alijibu. Jioni alikitazama tena kile kilima: mbona kikubwa hivyo?

Mvua nyingine ikanyesha, maua mengine yakachanua, naye akarudi na maswali yake.

"Mama, ile siku, mbele ya miye kufika, ulifanya nini kwa hii muti?"

"Niliiogesha!" Mama Elisabeth alisema kwa fahari. "Vumbi ya barabara iko mingi, na mugeni anakuja kunusa maua yangu! Nilitia sabuni ya malimau, ile ya wageni." Kisha akamtazama sana. "Lakini weye uliingiza uso mu maua. Haukusikia sabuni?"

Angeweza kusingizia mafua. Alichoka kudanganya.

"Mama, siye wote tuko na pua, lakini yangu ilikufa. Tangu homa."

Akampigia Isidore palepale, akamweleza yote.

"Ile limonene tunafuta," Isidore alisema. "Ule uongo, kesho utakuja kunielezea." Akakata.

Musoki aliitia simu mfukoni. Alifunika tawi, akawasha pampu, akachukua daftari.

"Mama, leo hakuna sabuni. Niambie, inanuka namna gani?"

Mama Elisabeth aliinama kwenye maua, akafumba macho, akakawia.

"Iko sawa na shingo ya mutoto muchanga," alisema. "Na asali kidogo. Ngoja, ninuse tena."

Musoki aliyaandika yote, neno kwa neno, huku machozi yakimdondoka kwenye karatasi.