Blanketi la Mahari

"Mama Kibe, wewe na hilo jiko lako mtanizika," Hannah aliniambia, amesimama mlangoni mwake, mkono kifuani, pumzi ikipiga filimbi.

"Wewe kohoa. Mimi nakaanga mandazi."

Ndivyo tulivyoamkiana asubuhi nyingi kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Dagoretti. Hannah, muuza mboga, ni mjane mwenye kichwa kigumu. Kifua kilikuwa kikimbana alfajiri, wakati ninawasha makaa, basi mkosaji nikawa mimi. Nilichoka na maneno, nikahamishia jiko nyuma ya nyumba. Kifua kikazidi. Siku moja tulimbeba hadi hospitalini midomo imebadilika rangi, na siku hiyo sikuwa na mzaha.

Alipopata nafuu, binti yake Shiru alimpeleka kwa daktari wa kifua kule Hurlingham. Nikawasindikiza, nikasafishe jina langu. Daktari alimdondoshea matone mkononi, akadunga ngozi kidogo kwenye kila tone. Pahali pamoja pakavimba, penye tone la vumbi la matandiko.

"Unajifunika nini, mama?"

Nikajibu mimi. Ni blanketi zito la mahari, aliloletewa na Jackton, mume wa Shiru. Walikubaliana mawili, akaleta moja, na aibu ya la pili ikamfanya asikanyage tena kwa mama mkwe. Hannah hakulifua, lisichakae. Hakulianika, wezi wa nguo za kambani tunawajua. Alijifunika hadi puani miaka yote.

Daktari akaeleza polepole. Humo mna wadudu wasioonekana kwa macho, wanakula ngozi inayotupukutika. Kinyesi chao kinakauka, unakivuta. Kina kitu kinacholegeza maungio ya seli za njia ya hewa. Seli zinapiga kamsa, askari wa mwili wanakuja mbio kupigana na kitu ambacho wangekiacha tu, na katika fujo hiyo njia yenyewe inavimba, inazibika.

"Moshi unamwongezea," alisema, akinitazama. "Lakini shida iko kitandani."

"Hiyo ni heshima yangu," Hannah akasema. "Msichana wangu hakutoka bure."

"Na ukifa, mimi nibaki na nini, mama?" Shiru akauliza. "Blanketi?"

Tulilifua kwa maji moto sana. Likatoka limesinyaa, halifuniki hata magoti. Sasa Hannah anatumia dawa ya kuvuta, na shuka anazifua kwa maji moto kila wiki.

Jumapili moja Jackton akatokea getini na furushi kubwa. Shiru alikuwa amemweleza habari za kifua, lakini mtu anayedaiwa haendi kwa mama mkwe mikono mitupu.

"Mama, nimechelewa."

Hannah alilitazama furushi, hakuligusa.

"Hilo peleka kwa mwenye kifua kizuri. Deni lako limeisha. Ingia, chai inapoa."