Usimzike Baba Yako Katika Sura ya Saba

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyotamani kuitupa miwani yangu katika mto Turkwel nisisome tena riwaya ya mtu. Ilikuwa mwaka wa 2012. Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kiswahili hapa Lodwar, nikadhani nimepumzika. Kumbe vijana walikuwa wameambizana kwamba Mwalimu Akai anasoma miswada bure, na mwaka ule kila kijana aliyejua kushika kalamu alikuwa anaandika riwaya ya ukoo wake.

Ukoo mzima! Si hadithi ya mtu mmoja na mbuzi wake mmoja. Vizazi vinne, vitano, kuanzia mtu wa kwanza aliyeteremka mlimani. Ilikuwa imetangazwa kwamba mafuta yamepatikana kwetu, wageni wakajaa hotelini, na maneno yakaenea kwamba Nairobi sasa wanataka vitabu vya Turkana, tena vinene. Basi nikaletewa. Ukurasa wa kwanza, mchoro wa ukoo. Ukurasa wa pili, ukame. Babu mkuu anahama kwa ukame, babu anaoa katika ukame, baba anazaliwa ukame ukiwa umerudi. Kila nyanya ana kovu shavuni na siri kifuani. Nilimuuliza kijana mmoja, "Katika miaka yote hiyo ya ukoo wenu, hakuna siku hata moja mlicheka?" Akanijibu, "Mwalimu, hiyo haiuzi." Nikamrudishia mswada wake na kumwomba aende kabla sijasema neno la kujutia.

Lakini mtoto wa mwenzio unaweza kumrudisha kwao. Wa kwako utamrudisha wapi?

Wa kwangu aliitwa Ewoi, mtoto wa kaka yangu Lomuria. Nilimlea mimi. Mama yake alifariki Ewoi akiwa darasa la sita, na wakati huo Lomuria alikuwa ameshakwenda Kakuma kutafuta maisha. Huko alipata duka, akapata na mke mwingine, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na mazishi ya mama Ewoi hakuja. Sitakuficha, nilimchukia kaka yangu kwa hilo. Ewoi yeye aliacha tu kumtaja. Shuleni akiulizwa jina la baba, alikuwa akitaja la babu yake, na walimu wakaona ni sawa.

Sasa kijana ni mtu mzima, anakuja kwangu na mswada unaoweza kuegemeza mlango. Nikausoma nikitafuta kasoro, na ulikuwa mzuri, jambo lililoniudhi hata zaidi. Watu wa kuchapisha huko Nairobi walikuwa wameshaukubali. Ewoi alitaka kitu kimoja tu kabla haujachapwa, baraka ya babu yake.

"Msomee, shangazi," aliniambia. "Akisema ndiyo, natuma."

Baba yangu hakujua kusoma. Aliishi nje kidogo ya mji, na mchana alikalia kile kigoda chake kidogo ambacho usiku alikilalia kichwa. Nikawa nakwenda kila alasiri, nasoma Kiswahili, namweleza kwa Kiturkana, Ewoi akiwa amekaa mchangani anasikiliza. Mzee alikipenda kitabu kile kupita kiasi. Mbona asikipende? Yeye ndiye alikuwa shujaa. Alitembea kwa miguu hadi gereza la Lokitaung kumtafuta ndugu yake aliyefungwa, akapambana na fisi, akarudi na ngamia ambao hata mimi binti yake sijawahi kuwasikia. Nikisoma kwamba fahali wake alikuwa mweusi, anakataa: "Hapana, alikuwa na mabaka." Nikisoma kwamba aliwatimua maadui kumi peke yake, hakatai. Anaomba tumbaku. Nilichoka nao wote wawili, mwandishi na shujaa wake.

Kisha tukafika sura ya saba.

Katika sura ya saba Lomuria anaondoka nyumbani kwenda Kakuma. Hata jina Ewoi hakulibadilisha. Anashikwa na kiu njiani, anaanguka, anakufa. Mistari mitatu, mwanangu. Fisi alikuwa amepewa kurasa nne. Na ukurasa unaofuata, mjukuu amekaa miguuni pa babu, hadithi inaendelea kana kwamba hakuna aliyepungua.

Nikaufunika mswada.

"Mbona umeacha?" Baba akauliza.

"Jua kali, Baba."

"Jua ni lile la jana. Soma."

Nikasoma. Mzee akaacha kutafuna tumbaku. Kwetu kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa si mchezo, na huyu alikuwa mwanawe. Alipogeuka kwa Ewoi hakupandisha sauti. Alimuuliza tu kwa nini.

Hapo ndipo mtoto wangu alipojibu jibu ambalo lingeweza kutoka katika kinywa cha Mturkana tu, tena aliyesoma akapitiliza. Kwetu mwanamume huzaliwa na upande wake. Ama ni Jiwe, ama ni Chui. Baba akiwa Jiwe, wanawe wote ni Chui, na wana wa hao Chui wanarudi kuwa Mawe. Kwa hiyo babu na mjukuu ni wa upande mmoja, na baba yuko ng'ambo. Hata nyama ya wanaume ikichomwa, Mawe wanakaa kwao na Chui kwao.

"Babu, mimi na wewe ni Mawe," Ewoi alisema. "Hiki ni kitabu cha Mawe. Yeye ni Chui. Hana nafasi humu. Ni mila yetu, sikuizua mimi."

Nilitaka kumzaba kofi, lakini nikaona Baba anatema tumbaku polepole.

"Na wewe," akasema, "nani alikufanya Jiwe?"

"Wewe, babu."

"Mimi? Mimi nikizaa, nazaa Chui. Sijazaa Jiwe hata moja maisha yangu yote. Jiwe huzaliwa na Chui. Ukishamuua huyo huko njiani, wewe hujazaliwa, na huyu anayenisomea sijui anasoma kitabu cha nani."

Kisha akanigeukia mimi. "Amemruka mtu. Mwambie arudi alikopitia."

Neno hilo nililijua. Nilipokuwa msichana mdogo, Lomuria akiwa mtoto wa kutambaa, nilimruka siku moja amelala kivulini, kwa uvivu tu wa kumzunguka. Baba alinifokea vikali. Alinirudisha nimruke tena kwa nyuma, nitokee kule kule nilikotoka, maana aliamini mtoto akirukwa hivyo hatakua. Nilicheka moyoni siku ile. Sasa Lomuria alikuwa na mvi, amerukwa tena, na safari hii na mwanawe wa kumzaa.

Unadhani Ewoi alikubali? Wapi! "Shangazi, hii ni hadithi tu bana. Na wale wa Nairobi wanasema sura hiyo ndiyo iliwatoa machozi."

"Machozi ya Nairobi yatakufaa nini?" nilimwambia. "Baba yako akifa kweli kesho, utamwandikia mistari mingapi? Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe umekwenda kujiuza mwenyewe, tena bei ya chini!"

Baba akakataa kutoa baraka. Ewoi akakataa kubadilisha. Wakakaa miezi hawasemezani, na mimi nikawa mjumbe kati ya watu wawili waliokuwa hatua chache wao kwa wao. Nani alikuwa anapoteza? Ewoi. Mama hana, baba amemzika kwa kalamu, na sasa babu anampotea akiwa anamwona. Nilichoka kubembeleza. Mwaka wa 2013 ulipoingia nikamwambia avae viatu, tunakwenda Kakuma, na asiniulize nauli.

Duka la Lomuria liko karibu na soko. Aliyetupokea ni mkewe, Nyandeng. Alimtazama Ewoi mara moja tu.

"Wewe mtoto ya Lomuria," alisema. "Uso ni moja. Karibu, kaa, kunywa maji kwanza."

Kaka yangu akatokea nyuma amebeba kreti ya soda. Akasimama nayo hivyo hivyo. "Ejok," akatusalimu. Tukamjibu, "Ejok." Habari za Lodwar hufika Kakuma kabla ya gari, kwa hiyo hakuzunguka.

"Nasikia nilikufa."

Ewoi akaangalia chini.

"Nilikufa na nini?"

"Kiu."

Lomuria akageuka akalitazama friji lake. Akatazama chupa za maji zilizopangwa mpaka darini.

"Kiu," akasema. "Na mimi nauza maji."

Nyandeng alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Nami nikacheka, na hasira zangu zote. Ewoi hakucheka. Aliinua kichwa akauliza lile alilokuwa amelibeba tangu darasa la sita.

"Mama alipozikwa ulikuwa wapi?"

Kaka yangu akaitua kreti. "Hapa. Habari ilinifikia. Nilikwenda hadi stendi, nikarudi. Niliona aibu."

"Hilo si jibu."

"Najua si jibu. Lakini sina lingine."

Mwanangu, nilitaka kuwachapa wote wawili. Kitabu kinene kile, safari, fisi, ngamia, na maneno hayo machache hayakuwamo! Ukoo wetu wote ulikuwa umekwama pale stendi ya Kakuma miaka yote, na mwandishi alikuwa anatuandikia ukame. Tulikaa hadi jioni. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake, wala sikutegemea. Tulipoaga, Lomuria akamshika Ewoi mkono.

"Mlinichinjia nini?"

"Wapi?"

"Matangani kwangu. Humo kitabuni."

"Hakuna kitu," Ewoi akasema.

"Hata mbuzi?" Hapo ndipo nilipoona ameumia kweli. "Mtu mzima kama mimi, mnanizika bila hata mbuzi? Nitakuja kumla mwenyewe."

Akaja. Alishuka Lodwar na mkewe na mbuzi dume mkubwa, kwa sababu hakutuamini sisi kumtoa. Wanaume wa ukoo wakachoma nyama, Mawe huku, Chui kule. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba pamoja na Nyandeng tukila ya kuchemsha, maana kule hatukaribishwi, na hilo nalo lina siku yake ya kulisemea. Baadaye Ewoi alinijia, mikono yake bado ina mafuta.

"Shangazi, babu nimekaa ubavuni mwake miaka yote, sijawahi kumwona akila. Yule Chui alikuwa mbele yangu wakati wote. Anatafuna upande wa kushoto tu. Kama mimi."

Akaondoka haraka, nisimwone macho.

Mzee alimbariki siku ile ile. Sura ya saba iliandikwa upya, ikamchukua muda kuliko zingine zote, na wale wa Nairobi wakakiacha kitabu. Walimtaka marehemu, hawakumtaka muuza maji. Kilichapwa baadaye na watu wengine, kikiwa chembamba, na fisi amepunguziwa kurasa. Ewoi alinung'unika sana. Nilimwambia mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Basi wewe unayeniletea vizazi vyako vinne, kaa nikuambie. Ondoa huo mchoro wa ukurasa wa kwanza, maana kama sitawajua watu wako kwa matendo yao, mistari haitanisaidia. Ukame upunguze, acha watu wacheke hata mara moja. Na kabla hujaandika neno kuhusu babu yako shujaa, niambie ni nani katika ukoo wenu hamsemezani naye. Kamba hukatikia pembamba, na hapo pembamba ndipo kitabu chako kilipo. Nenda ukamuulize akiwa hai. Jibu lake huenda lisikutoshe, uliandike hivyo hivyo. Baba si lazima akae upande wako. Yuko ng'ambo ili umwone.

Haya, chukua mswada wako, umenichosha. Mungu wetu Akuj akupe maji njiani na mbuzi nyumbani. Wazee wako wakujibu unapowauliza. Aliyerukwa arukwe kwa kurudi, akue. Na siku yako wewe ya kuandikwa ikifika, akuandike mtu aliyewahi kukutazama ukila.