Mpira Ulioteremkia Kushoto

Wiki hii, kwenye ofisi moja hapa Bunda, karani wa dirishani alituambia mtandao hamna, tusubiri. Kisha akainamia simu, akaendelea na mchezo wa gofu. Kwenye kioo, uwanja wa nyasi uliteremkia kushoto. Akainamisha kichwa, akalenga kulia kidogo, akapiga. Mpira ukapita shimo.

Mama mmoja wa Nyasura, mbele yangu, akasema, "Umezidisha nguvu. Mteremko ungeuleta wenyewe."

"Mpinzani wangu huwaga hakosei," karani akajibu.

"Mpinzani yupi?"

"Tunacheza naye sasa hivi. Yuko Musoma."

Mama akatazama simu, akatazama kompyuta. "Na mmefikianaje, mwanangu, kama mtandao hamna?"

Karani akalaza simu kifudifudi. Mtandao wa ofisi ukarudi hapo hapo. Nadhani nao ulikuwa unasubiri amalize kupiga.