Picha Niliyoibandika Ukutani

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto habari za msitu. Mimi ni askari wa hifadhi, navaa sare kama wenzangu wa doria, ila badala ya bunduki nabeba penseli za rangi na galoni mbili za maji. Napanda na wanafunzi wa shule za Uluguru hadi ukingoni mwa msitu. Tunamwaga maji kwenye udongo mtupu, kisha kwenye udongo wenye majani, nao wanajionea wapi yamekimbia na wapi yamezama. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi hii haiwezi kumdhuru mtu.

Siku hiyo nilikuwa na darasa la tano la shule moja ya juu mlimani. Ukungu ulishuka ghafla, tukashindwa kuendelea na safari. Nikawakalisha kwenye kibanda cha wageni, nikawagawia karatasi.

"Choreni sehemu ya msitu mnayoijua vizuri," nikawaambia. "Msinakili cha mwenzenu. Na kila mtu aandike jina lake pembeni."

Wengi walichora tembo, ingawa mlima wetu hauna tembo. Binti mmoja mwembamba, mkimya, alichora kijito, mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, na njia inayopita kati yake. Upande wa pili wa mawe, juu ya jukwaa la miti, alisimama mwanamume mwenye msumeno mrefu. Chini yake palikuwa na mtoto aliyebeba sufuria kichwani.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

"Baba, afande. Na huyu ni mimi, nampelekea ugali."

Niliuona ule msumeno. Nisiseme uongo hapa. Nilijua mtu anayepasua mbao kule ndani anavunja sheria, na nilijua picha ile ilipaswa kurudi mikononi mwa mwenyewe. Lakini ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kukusanya. Nikaibandika kwenye ukuta wa ofisi pamoja na nyingine nne, nikafurahi kila aliyeingia aliposimama kuitazama.

Mkuu wa kituo naye alisimama, muda mrefu kuliko wengine.

"Hii ya shule gani?"

Nikamtajia shule. Jina la mtoto lilikuwa pale pembeni, kwa mwandiko safi.

Siku tatu baadaye nilifika kazini asubuhi nikakuta mwanamume ameketi chini uani, kando ya rundo la mbao mbichi. Aliponiona na mfuko wangu wa penseli alijaribu kutabasamu.

"Wewe ndiye mwalimu wa msitu? Binti yangu anakusema sana nyumbani."

Nikaingia ndani. Kwenye picha, mtu alikuwa ameyazungushia duara la kalamu yale mawe mawili.

Nilimfuata mkuu wa kituo. Nikamwambia wale ni wanafunzi wangu, hawakuja kutoa ushahidi.

"Sikumuuliza mtoto chochote," akasema. "Umeibandika mwenyewe, nami nina macho."

Yule baba alifungwa miezi sita. Niliibandua picha nikaenda nayo kwangu Mafiga, mjini, nikaiweka chini ya godoro kama kitu cha wizi. Wiki mbili zilipita kabla sijapata ujasiri wa kupanda mlimani, bila sare, kumwona mke wake. Nilimkuta anamenya ndizi mlangoni. Alinikaribisha kigoda, akaniambia mtoto yuko shule. Alizungumza bila kuulizwa: shamba hili ni la ukoo wake yeye, limegawanywa hadi limebaki vipande, na mume wake aliyekuja kuoa hapa hakuwa na pa kulima.

"Na aliyemchoma kwa askari ni jirani," akasema, akinionyesha nyumba ya chini kwa kisu. "Waligombania mpaka wa migomba. Hatusalimiani tena. Wanangu nimewakataza kuteka maji kwake."

Hapo ndipo nilipomweleza. Nilimweleza yote: picha, ukuta, swali la mkuu wa kituo na jibu langu. Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo ni mwanangu," akasema.

"Hapana, dada. Ni mimi."

Akakiweka kisu chini, kando ya ndizi. Kisha akasema, "Asijue. Akijua, atakaa na baba yake vipi?"

"Na jirani?"

"Nikimwomba radhi ataniuliza nani basi aliyesema. Nitamtaja nani?"

Nikaomba niende mimi. Tukateremka pamoja. Jirani alikuwa mzee mwenye kikohozi. Nilimwamkia shikamoo, nikajitambulisha kuwa askari wa hifadhi, nikamwambia doria yenyewe iliziona mbao, hakuna mwanakijiji aliyesema neno. Ulikuwa uongo nusu. Mzee alimtazama yule mama, akasema, "Nami nilikuwa nangoja uje uniulize." Walisalimiana pale pale, kwa shida. Niliondoka kabla watoto hawajatoka shule.

Baba alipotoka jela alikwenda Dakawa kufanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga. Anarudi nyumbani mara chache.

Siku hizi watoto wakimaliza kuchora, kila mmoja anaondoka na karatasi yake. Mkuu wa kituo aliwahi kuniuliza mbona ukuta hauna kitu, nikamjibu kwamba hautakuwa na kitu tena. Aliniandikia barua ya onyo. Ninayo.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye shule ile. Darasa lilikuwa lile lile, sasa la sita. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote: nani kati yenu amewahi kuingia msituni, na aliona nini?

Hakuna aliyenyoosha mkono. Watoto waliozaliwa chini ya miti ile, wanaookota kuni pale kila wiki, walinitazama kimya. Mwalimu wao akawahimiza, "Jamani, mjibuni afande!" Binti alikuwa dawati la tatu, ameinamia daftari lake, na msichana aliyekaa naye alikuwa amemshika mkono.

Nikamwambia mwalimu awaache. Nikawaambia watoto kwamba hawalazimiki kunijibu, kisha nikageukia ubao nikatafuta chaki.