Plagi Niliyoichomoa Mwenyewe

Sijawahi kuogopa kompyuta, ila radi naiogopa. Kwetu Kitendaguro mama alikuwa hataki mchezo: mawingu yakinguruma kutoka ziwani, redio inachomolewa, pasi inachomolewa, na aliyezembea anachapwa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza mwalimu mzima nilikuwa nawaza nini.

Nafundisha hisabati Kamachumu, na kwa kuwa ni mimi ninayejua mambo ya kompyuta, kila kinachozimika naitwa mimi. Mwalimu wa Historia, mama aliyenizidi umri na ambaye haoni tangu utotoni, nilimtengenezea kompyuta moja kuukuu. Niliiwekea mfumo endeshi huria, ule wa bure ambao watu wa kila nchi wanaufungua na kuurekebisha, pamoja na programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Madam anavaa hedifoni, anachapa haraka kuliko katibu muhtasi. Ilikuwa kompyuta pekee shuleni iliyojua kusema.

Mwaka huo shule za jirani zilimkabidhi kutunga mtihani wa utamilifu wa Historia, ile mock ya Kidato cha Nne. Wengine waliguna. Walisema asiyeona lazima asomewe, na mtihani ukishasomwa na mtu wa pili umevuja. Yeye akajibu kwamba hatasomewa na mtu yeyote. Alitakiwa kuukabidhi Jumatatu, na hadi Ijumaa alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho tu.

Ijumaa hiyohiyo, mimi na kiherehere changu, nikaona mfumo haujasasishwa tangu likizo. Kompyuta imebeba mtihani, nikasema, lazima tuzibe matundu ya usalama.

"Kwani inaumwa, waitu?" akaniuliza kwa heshima ya Kihaya.

Nikamhutubia. Kibanja kinapaliliwa migomba ikiwa mizima, hakisubiriwi mpaka ianguke. Na hapo sikukosea, hata leo nasema hivyo. Nikamwonya jambo moja tu: ikishaanza kusasishwa, isizimwe kwa lolote lile.

Ilipofika katikati, radi ikapasua juu ya bati la ofisi. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye soketi, ukachomoa plagi. Nikabaki nimeishika kama mtoto aliyekutwa na kipande cha nyama.

Madam akasema imezimika. Nikamwambia ni mimi niliyeizima. Akashusha hedifoni shingoni; afadhali angenitukana.

Ilipowashwa, kioo cheusi na mistari ya makosa. Nusu ya programu zilikuwa mpya, nusu za zamani, hazisikilizani. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kubembeleza: asilimia mbili, umekata, asilimia tatu, umekata. Jumamosi nikashuka Bukoba mjini, nikapakua kila kitu kwenye flashi, nikarudi. Alasiri ikawaka vizuri, picha safi, saa sahihi. Ila bubu. Toleo jipya la sauti lilikuwa haliivani na programu ya kusoma. Nikaomba msaada kwenye jukwaa la watumiaji; mmoja, sijui yuko nchi gani, akaandika kwamba kwake inafanya kazi. Sasa hiyo inanisaidia nini mimi? Nililaani kila aliyewahi kugusa mfumo ule, kisha nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyechomoa plagi.

Mwalimu wa taaluma alikuja akashauri, kwa upole wa kuudhi, mtihani apewe mwalimu mwingine aumalizie. Madam alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani, hedifoni shingoni.

"Jumatatu haijafika," akasema.

Mwalimu wa taaluma akaondoka zake.

Jumapili baada ya ibada nikaacha ukaidi. Nikaliondoa toleo jipya la sauti, nikarudisha la zamani na kulifunga lisisasishwe tena. Mimi huyuhuyu, mhubiri wa kusasisha. Nikaunganisha spika ili nijaribu. Sauti ikatoka, kubwa kweli, ikaanza kusoma pale alipoishia: swali la kumi na mbili.

"Toka nje," akasema Madam.

Sikuwa nimesimama vizuri alipoichomoa spika kwa kupapasa na kunionyesha mlango. Alikuwa sahihi. Wanafunzi wangu walikuwa watahiniwa, na mtihani si wangu. Nikatoka, nikasikia komeo likirudishwa nyuma yangu. Siku mbili za kuhangaika, hata asante sikupata, na sikustahili. Nikakaa kwenye ngazi nimejaa hasira, na sikujua hata nimkasirikie nani.

Haikupita muda, mawingu yakanguruma tena. Vidole vikaniwasha. Nikavumilia ngurumo ya kwanza na ya pili, ya tatu nikainuka nikagonga mlango.

"Madam, radi."

Ndani, kibodi iliendelea kulia. Alijibu bila kuacha kuchapa.

"Nimeisikia. Niache nimalize mtihani wangu."

Nikarudi kwenye ngazi, nikaikalia mikono yangu yote miwili.