Msoma Mita Anayeogopa Kubisha Hodi

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja amesimama mbele ya geti la bati, mkono umenyanyuka lakini haujagusa. Amevaa fulana ya kazi na viatu vya mpira, na ameshika ubao wa fomu kifuani. Anaushusha mkono. Midomo inacheza bila sauti, anapitia tena maneno atakayosema. Anaunyanyua tena.

"Hodi," anasema.

Mwandishi wa makala haya yuko hatua mbili nyuma yake, na amesikia nusu tu ya neno hilo. Aliye ndani, nyuma ya geti na ua na mlango, labda awe na masikio ya paka.

Anasoma mita za maji. Ana miaka thelathini na minane, mume mmoja, watoto wawili, na eneo lenye nyumba 312 anazotakiwa kuzipitia kila mwezi. Ofisini wanamwita Bi Kimya, hata kwenye orodha ya likizo wameandika hivyo, naye hajawahi kulalamika. Kulalamika kunahitaji kuongea.

"Mita naielewa," anasema tukiwa tunangoja. "Nikishaifikia mita, kwangu kazi imekwisha. Shida ni ule mlango. Sijui atatoka nani, ataniuliza nini, atanikaribisha chai au atanifokea. Na sijui kipi kibaya zaidi."

Geti linafunguka. Anatoka baba mmoja mwenye kidevu kilichojaa povu la sabuni, na salamu zinaanza: za nyumbani, za kazi, za watoto, za jua hili. Msoma mita anajibu zote, nzuri, nzuri, salama, nzuri, huku jasho linamtiririka shingoni. Anasoma namba, anaomba saini, anaondoka karibu mbio.

Mtu anaweza kudhani ni aibu ya kawaida, ile ya wageni wa kazi. Huyu ana miaka sita kazini.

Siku yake imejaa mitego ambayo sisi wengine tunaikanyaga bila kujua. Akiwa amemsalimia mtu asubuhi, kisha akamwona kwa mbali saa sita anakuja tena, anaingia njia ya nyuma. "Tumeshasalimiana. Za nyumbani nimeuliza, za kazi nimeuliza. Sasa nitamwambia nini tena?" Kwa ajili hiyo hutembea karibu kilomita mbili za ziada kila siku. Simu ikilia huiangalia hadi inyamaze, kisha anatuma ujumbe: "Samahani, nilikuwa mbali na simu." Wenzake walipomnunulia keki ya siku ya kuzaliwa, alijifungia stoo ya mita mbovu kwa dakika arobaini mpaka walipoila wenyewe.

Kwenye sherehe za ukoo hukimbilia jikoni kuosha vyombo. Mawifi wanamsifu kwa uchapakazi. "Sufuria haliniulizi naongeza mtoto lini," anasema, na ndiyo mara ya kwanza leo nimemwona anacheka.

Wasiomjua wanasema anaringa. Mama mkwe alisema hivyo mwaka mzima. Kibaya zaidi, ameolewa na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye akitumwa chumvi asubuhi, chumvi inafika jioni, maana kila kona ana rafiki.

"Mimi nilimpenda kwa sababu ananiacha niongee," anasema mume huyo. "Nikimaliza, huwa ananiambia neno moja, na ndilo hilo lenye maana."

Lakini ukimya huo, miezi michache iliyopita, ulimwangusha vibaya.

Watu wengi tumelelewa na hodi tatu. Unaita mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka kwa amani na hakuna wa kukulaumu. Kwenye fomu ya wasoma mita kuna kisanduku cha hali hiyo, kimeandikwa "Hakuna mtu". Ukikiwekea alama, ofisi inakadiria matumizi ya mwezi huo na maisha yanaendelea. Mwaka jana Bi Kimya alikiwekea alama mara 94.

"Sikudanganya," anasema, macho yake yako chini. "Zote tatu niliita. Ila niliita nikiomba wasisikie."

Nyumba moja, yenye mlango wa bluu mwishoni mwa uchochoro, aliiwekea alama hiyo miezi minne mfululizo. Anaishi humo bibi mmoja mjane mwenye goti bovu. Katika miezi hiyo bomba lilipasuka chini ya sakafu ya jiko lake. Mita ilizunguka usiku na mchana, na hapakuwa na mtu wa kuitazama. Maji yalipita chini kwa chini hadi kwenye ukuta wa jirani, na Jumapili moja asubuhi ukuta ukaanguka juu ya kamba ya nguo. Hakuna aliyeumia. Watoto wa jirani walikuwa wamemaliza kuanua nguo dakika chache tu kabla.

Jirani alifika ofisini na tofali mkononi. Kitabu cha fomu zake kilipofunguliwa, zilikuwapo "Hakuna mtu" nne zimepangana, kwenye nyumba ya mtu ambaye mtaa mzima unajua hatoki.

"Namheshimu," anasema msimamizi wake, mwanamume mpole anayeongea huku anapanga kalamu zake. "Namba zake hazijawahi kukosewa. Lakini mita haisomwi kwa kupita nje. Nilimpa barua ya onyo, nikamwambia, mama, safari hii nataka saini ya mwenye nyumba kwa kila nyumba. Mia tatu na kumi na mbili. Ikipungua moja, siwezi kukutetea."

Mwisho ni leo, saa kumi jioni.

Mshahara wake ndio wa uhakika nyumbani kwao. Karakana ya mume imepata kazi mbili tu mwezi huu, geti moja na kitanda kimoja. Vyumba viwili wanavyopanga, ada za watoto, vyote vinasimama juu ya ubao ule wa fomu. Amepungua kilo tatu tangu apewe barua. Usiku mume alikuwa akimfanyisha mazoezi: anaingia chumbani, anafunga mlango, mkewe anabisha. "Hodi!" Naye kutoka ndani anapaza sauti, "Karibuuu mgeni wetu, pita ndani, habari za siku!" Mkewe alitoroka mara mbili.

Hata hivyo amezikusanya. Saa sita mchana zimebaki kumi na nne. Saa nane, tano. Nyumba moja wanamlazimisha akae, na dakika saba za mazungumzo kuhusu bei ya mkaa zinamtoa mbio. Tunasimama chini ya kivuli cha ukuta hadi apumue.

Saa tisa na robo imebaki moja. Ni ile ya mlango wa bluu. Ameiacha ya mwisho, na hana haja ya kunieleza kwa nini.

"Atanitukana," anasema. "Na ana haki."

Anaita. Kimya. Anaita tena. Kimya. Mara ya tatu anakusanya pumzi na kutoa sauti ambayo sikujua kama anayo, hadi mpita njia anageuka. Kimya.

Halafu msoma mita anainamisha kichwa, anasikiliza. Ndani, ndara zilizokuwa zikiburuzwa sakafuni zimesimama. Redio imezimwa.

"Yumo," ananong'ona. "Anafanya kama ninavyofanya mimi wageni wakija."

Ni saa tisa na dakika ishirini na tano. Namshauri agonge kwa jiwe. Ananitazama kama niliyemshauri avunje dirisha.

"Samahani, ndugu mwandishi. Naomba uende pale kwenye kona. Wewe unaongea sana."

Katika maisha yangu ya uandishi nimefukuzwa na askari, na mbwa, na mama mmoja mwenye mwiko. Sijawahi kufukuzwa kwa upole hivyo. Kutoka kwenye kona naona anakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango. Midomo inacheza kidogo, kisha inatulia. Saa inakwenda. Tisa na nusu. Tisa na dakika thelathini na tano. Mimi ndiye ninayeuma kucha.

Saa tisa na dakika arobaini mlango unafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, na anapita.

Anatoka baada ya dakika kumi na moja. Karatasi ina saini, ya herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani. Anaibana kwenye ubao na tunakimbilia ofisini, naye ananisimulia njiani.

Alimwambia nini? "Nilisema, bibi, ni msoma mita, niko peke yangu, sina maneno mengi. Ukitaka nitakaa hapa nje tu."

Na bibi? "Amesema alikuwa ananisikia. Miezi yote ile. Alikuwa anakaa kimya, anahesabu hodi zangu, akijua ya tatu ikipita nitaondoka. Tangu mzee wake afariki watu walikuja wakaongea mpaka akachoka. Siku ukuta ulipoanguka waliingia watu tisa jikoni kwake. Amesema alilia walipoondoka."

Basi mwandishi akaruka kwa furaha. Utetezi si huo? Akifika ofisini aseme: hodi ilibishwa, mwenye nyumba alisikia, akajificha. Barua itafutwa.

Anatikisa kichwa. "Nikisema hivyo watamtumia watu, na makoti yao, na maswali. Mimi niliita kwa kunong'ona. Hilo ni kweli. Ijumaa kuna kikao, nitasimama mbele ya wenzangu kumi na watatu niseme hilo."

Na gazeti je? Baadaye alirudi kumuuliza bibi, peke yake. Jibu lilikuja hivi: andikeni, mradi asije mtu kumpa pole.

Saini 312 zilifika ofisini saa kumi kasoro dakika mbili. Msimamizi alizihesabu mara mbili, akasema atatoa jibu baada ya kikao. Kwa hiyo hadi makala haya yanachapwa, Bi Kimya bado hajui kama ana kazi. Usiku halali. Sentensi yake ya Ijumaa ina maneno tisa na ameiandika kwenye kiganja.

Anaomba nini, iwapo atabakizwa?

"Wasinihamishe eneo," anasema. "Bibi ameniambia mwezi ujao nikifika nikae, ninywe chai, na hatutaongea. Nyumba mia tatu na kumi na moja nitaziogopa kama kawaida. Lakini hiyo moja nitaigonga kwa nguvu."