Bustani ya Mapeasi Iliyongoja Fedha za Serikali

Mwaka ule wa korona, mtu pekee mwenye diploma ya kilimo cha matunda katika bustani ile nilikuwa mimi, na nasema hivyo bila haya. Niliisomea Kenya, nikiuza mboga ili nilipe karo. Leo nimerudi nyumbani na nina shamba langu mwenyewe la maparachichi, wala hakuna aliyenishika mkono.

Bustani ilikuwa ya mapeasi, pembezoni mwa London, ukishapita Southall. Mwenyewe alikuwa mzee Mpunjabi, mzaliwa wa Nairobi, na kwa utani wa Kiswahili alinishinda. Mikahawa aliyoiuzia ilikuwa imefungwa. Ndege za abiria zilizozoea kushuka juu ya vichwa vyetu hazikupita tena, na katika kimya kile nilisikia hata majani yakigusana. Serikali ilikuwa imetangaza fedha za kuwakwamua wakulima, naye alikuwa ameomba. Asipozipata, angewauzia ardhi wajenzi wa nyumba.

Asubuhi moja nikaona tawi limejikunja nchani kama mpini wa bakora, majani yake meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Gome lilitoa matone ya kunata. Niliutambua ugonjwa ule palepale.

"Mzee, mti huu ukatwe na kuchomwa leo. Na huo jirani yake."

"Wewe Bwana Diploma! Mti ukikohoa kidogo tu, umeshashika msumeno."

"Haukohoi, mzee. Unakufa, na utaua wenzake."

"Ofisa anakuja kukagua. Akikuta visiki, nani atanilipa kwa visiki? Ngoja fedha ziingie."

"Basi usiiguse. Ugonjwa huu hubebwa na makali ya mkasi. Mimi huuosha wangu kwa spiriti kila nikihama mti."

"Sawa, daktari," alisema, akaenda zake akicheka.

Siku ya ukaguzi niliondoka Kilburn, nilikokuwa nimepanga chumba, mapema kwa basi tupu. Nilipofika, bustani ilikuwa nadhifu mno. Kila ncha nyeusi ilikuwa imeondolewa, na ili mistari ilingane, mzee alikuwa amepunguza hata miti yenye afya. Mkasi wake ulikuwa juu ya pipa, umegandwa na utomvu. Chupa ya spiriti haikuwa imefunguliwa.

Ofisa alizunguka na barakoa yake, akaridhika. Akauliza nani amepogoa vizuri hivyo.

"Huyu kijana wangu," mzee akamjibu. "Ana diploma."

Napenda sifa, sikatai, lakini zile nilizikataa kwa Kiingereza kilichonyooka: si mimi. Ofisa akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Fedha ziliingia. Mzee akaleta mithai kutoka Southall, tukala tukiwa tumesimama mbalimbali.

"Haya, sasa kata ile miwili yako," alisema, mdomo umejaa.

Nikamwonyesha mstari wa kwanza nyuma yake. Ncha zilikuwa zimeanza kujikunja, mti kwa mti. Mstari wa pili pia.

Akaacha kutafuna. "Ipi itapona?"

"Sijui, mzee."

"Wewe si una diploma?" Safari hii hakuwa akitania.

Tulitembea hadi ua wa mwisho tukitafuta mti ambao mkasi wake haukuufikia. Mzee alikuwa mtu wa bidii. Hakuuacha hata mmoja.